Mwenye Nyumba na Mpangaji Mzee

Ndugu Waislamu, tumeulizwa: mpangaji mzee asiyeweza kulipa kodi, afanyiweje?

Twajibu: Qur'ani, Suratul Baqara, aya ya 280, yaamrisha mdaiwa mwenye dhiki apewe muhula mpaka apate wasaa, na kumsamehe ni bora zaidi. Basi usimtolee vyombo nje. Mpunguzie, waite wanawe. Na akiwa mkaazi wa Unguja au Pemba aliyetimiza miaka 70, msaidie kuiandikia pensheni jamii, iliyoanza mwaka 2016.

Lakini deni ulilosamehe usilihesabu Zaka. Kauli yenye nguvu kwa Mashafii haikubali. Mpe Zaka mkononi, bila sharti la kukurudishia.

Mwenye nyumba naye huenda anaishi kwa kodi hiyo. Enyi vijana, kodi ya babu yenu yawapasa nyinyi kwanza.

Wallahu aalam.