Stirio ya mzee iliponyamaza upande mmoja

Mzee wangu alipotutembelea hapa Buruburu mwezi wa Aprili, hakuulizia chai wala wajukuu. Aliulizia redio. Ni ile stirio kubwa ya spika mbili aliyoinunua mwaka wa 1984, akaniachia alipostaafu. Mfukoni alikuwa na kaseti moja: sauti ya marehemu mama, iliyorekodiwa Krismasi ya 1991. Nakala nyingine hakuna.

Nami, msomaji, nikaona haya. Stirio hiyo nilikuwa nimeigeuza meza ya maua. Spika ya kushoto ilikuwa bubu, kitufe cha sauti kilikwaruza kama mtu anayeparua sufuria, na kaseti ziliimba kivivu kana kwamba mwimbaji ana usingizi. Fundi mmoja wa mtaani aliitazama dakika mbili, akasema imekufa, kisha akataka kuinunua kwa Sh500. Sijui mtu hununua maiti ya nini.

Tukaanza wenyewe. Plagi ikiwa imechomolewa, tulibadilisha nyaya za spika pale nyuma ya mashine: za kushoto tukazitia kulia, za kulia kushoto. Kama spika ile ile ingebaki kimya, ugonjwa ungekuwa ndani yake au katika waya wake. Lakini tulipowasha, ikanyamaza ile iliyokuwa ikiimba, na bubu akafungua kinywa. Kumbe kasoro iko kwenye mashine! Nilipozungusha kitufe cha sauti huku na huku, upande uliopotea ulirudi kwa kukatikakatika. Hiyo mara nyingi ni dalili ya uchafu, si ya kifo. Tulichomoa plagi tena, tukapuliza ndani ya kitufe dawa ya kusafishia vifaa vya umeme, ambayo tulinunua Luthuli Avenue, tukakizungusha kama mara 30 na kuacha ikauke. Jirani alikuwa amependekeza mafuta ya kupikia. La hasha!

Wanafunzi wenye bisibisi, nisikieni. Ndani ya mashine mna kapasita, na hizo huweza kuweka umeme hata baada ya plagi kuchomolewa. Ikivuma mfululizo au ikiunguza fyuzi kila mara, mpelekee fundi anayejua kazi. Na fyuzi usiizibe kwa karatasi ya sigara.

Uvivu wa kaseti ulitokana na mkanda wa mpira unaozungusha magurudumu, ulikuwa umelegea. Mwingine huyeyuka kabisa ukawa kama lami. Tulipata mpya wa kipimo kile kile, tukafuta kichwa cha kusomea kaseti kwa pamba yenye spiriti. Pamba ilitoka na rangi ya ugoro.

Mzee akaninyoshea kaseti yake. Nikakataa. Mashine iliyotoka kufunguliwa huweza kula utepe, na utepe ule haununuliki popote. Tulicheza kwanza kaseti chakavu ya rumba, pande zote mbili hadi mwisho, yeye akingoja kitini kama aliye kwenye foleni ya hospitali. Utepe haukujikunja.

Ndipo mama akasikika akimfokea mtu afunge mlango, kuku wasiingie jikoni. Kijana wangu, aliyekuwa akirekodi kwa simu ili tupate nakala, akaangua kicheko. Mzee hakucheka.

"Rudisha nyuma," akasema. "Pale pa kuku."