Bastola Nyepesi Si Bastola Rahisi

Wacha niseme kitu ambacho movi hazitakuambia: kabastola kadogo ndiko kanapiga teke noma zaidi.

Wengi wetu huku Kenya bunduki tunazijuia kwa movi na gemu, maana bila leseni unaishia ndani. Kwa movi, dem anatoa kabastola kwa mkoba, anafyatua mara tano, mkono hata hautikisiki. Mimi pia niliamini hiyo stori, hadi binamu yangu wa Texas akanipigia simu.

Yeye hutoka kazini saa nane usiku. Akaenda kununua kitu cha kujilinda. Muuzaji akamwangalia juu chini, akasema, "Wewe ni mwanamke, chukua hii nyepesi." Ilikuwa Smith & Wesson 340PD: risasi tano aina ya .357 Magnum, na bastola yenyewe haifiki gramu 350. Alifyatua hizo tano siku ya kwanza, kiganja kikauma wiki nzima. Tangu siku hiyo iko kwa droo.

Hii ni fizikia ya shule tu. Risasi ikienda mbele, bastola inarudi nyuma. Ukipunguza uzito wa bastola kwa nusu na risasi ibaki ileile, bastola inarudi kwa kasi mara mbili. Model 36 ya chuma, iliyotoka 1950, ina kama gramu 550 na inatumia .38 Special, risasi isiyo na nguvu kama Magnum. Sasa kampuni ikapunguza uzito na ikaongeza nguvu. Nani anaumia? Mkono wako.

"Lakini rivolva haikwami!" Tulia. Ni kweli risasi moja ikigoma kulipuka, unavuta triga tena, silinda inazunguka, unapata nyingine. Lakini teke likiwa kali sana, maganda ya risasi zilizobaki yanavutwa nyuma pamoja na silinda, na zile risasi zenyewe zinachomoka polepole kuelekea mbele. Moja ikitokeza nje ya silinda, inagonga fremu. Silinda haizunguki tena. Hapo hata uvute triga aje, umekwama. Kwenye mtutu wa 340PD wameandika pia usitumie risasi nyepesi kuliko greni 120, lakini hiyo ni ya kuzuia silinda ya titani isiliwe mapema: zinazochomoka kwa urahisi zaidi ni zile nzito.

Nakubali upande wa pili una pointi. Bastola nzito watu huiacha nyumbani, na iliyo nyumbani haikusaidii barabarani. Mtu aliyezoea, anayefanya mazoezi kila wiki, anaweza kuimudu hiyo nyepesi.

Lakini kumuuzia mtu anayeanza, eti kwa sababu ni mwanamke, mimi naona ni kumchezea. Mtu anayeogopa bastola yake hafanyi mazoezi. Asiyefanya mazoezi atakosa shabaha, na risasi iliyokosa haipotei hewani, inaingia kwa ukuta wa jirani, na jirani ana watoto.

Nilimwambia binamu arudishe ile kitu, akodishe ya chuma uwanjani kwanza, aweke .38 za kawaida, afyatue hamsini. Asiponunua kitu hiyo siku, sawa tu. Na safari hii muuzaji akianza na "wewe ni mwanamke", atoke aende duka lingine.