Wapigaji Nao Watajwe
Mwanzoni mwa miaka ya 1990 kundi la Us3 la London lilichukua kinanda cha Herbie Hancock kutoka "Cantaloupe Island" ya 1964, likakiwekea mdundo wa hip-hop, na "Cantaloop" ikachezwa hata na vijana wasiowahi kununua santuri ya jazi. Blue Note, kampuni yenye rekodi hizo, ilitumia busara: badala ya kukimbilia mahakamani, ilifungua ghala lake. Miaka kama kumi baadaye ikamfungulia mtayarishaji wa hip-hop Madlib, naye akatoa albamu ya Shades of Blue. Wanaolia kwamba urithi unanajisiwa wanasahau kuwa wanajazi wenyewe walizoea kuchukua nyimbo za maonyesho ya Broadway na kuzifumua watakavyo. Lawama yangu iko kwingine. Hancock anajulikana, tena ndiye mtunzi. Je, Ron Carter aliyepiga besi na Tony Williams aliyepiga ngoma katika rekodi ile ya 1964? Wangapi kati ya vijana waliocheza "Cantaloop" walijua majina yao? Hakimiliki humtazama kwanza mtunzi na mwenye rekodi. Mpigaji wa kukodiwa husubiri mlangoni. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni: kila anayechanganya upya rekodi ya zamani awaandike wapigaji wote, kwa majina kamili.