Usikubali Gia Boksi ya Otomatiki Ishushwe Bila Konveta Yake

Najua wengine mtauliza: bwana shamba na gia boksi wapi na wapi? Ameishiwa na mada za vitunguu? Hapana. Kitunguu hakijawa pesa mpaka kifike sokoni. Ukivuna vizuri kwenye skimu ya Mwega, ukakausha vizuri, halafu gari likalala gereji wiki mbili, dalali atakupangia bei akiwa amekaa kwenye kiti chako.

Siku hizi wengi hawangoji tena Fuso la mnunuzi. Wanachanga wawili watatu, wananunua gari la mtumba kutoka Japani, Noah au linalofanana nalo, wanasomba wenyewe mpaka barabara kuu pale Ruaha Mbuyuni au mbele zaidi. Ni jambo zuri na naliunga mkono. Lakini mengi ya magari hayo ni ya otomatiki, na hapo ndipo naona watu wanaumia.

Maoni yangu ni haya: hasara nyingi hazitokani na gia boksi kuharibika. Zinatokana na namna inavyotenganishwa na injini, na namna inavyorudishwa. Gia boksi inashuka ikiwa na ugonjwa mdogo, inarudi ikiwa maiti. Na mwenye gari anaweza kuzuia hilo hata kama hajawahi kushika spana.

Nilijionea mwenyewe. Mkulima mmoja wa hapa kwetu alikuwa na gari linalochelewa kushika gia, na chini linavuja. Fundi akasema ni sili ya mbele, gia boksi ishuke. Nilikuwepo siku hiyo kwa sababu nilikuwa nasubiri kupanda gari hilo hilo. Zikafunguliwa bolti za kuzunguka gia boksi, ikavutwa, ikagoma. Ukaletwa mtaimbo. Ikatoka kwa nguvu, oili ikamwagika kama maji ya mfereji, na konveta ikabaki inaning'inia kwenye injini. Kumbe bolti za konveta hazikuguswa kabisa. Wakati wa kurudisha ikawa hivyo hivyo: mwanya ulibaki, wakauziba kwa kukaza bolti. Gari likawaka, halikwenda mbele wala nyuma. Pampu ya ndani ilikuwa imepasuka. Vitunguu vyake viliuzwa shambani kwa lumbesa, kwa bei ya kumwonea huruma.

Kwa nini ilitokea hivyo? Kati ya injini na gia boksi ya otomatiki hakuna klachi kama ya manyuo. Kuna konveta, chombo cha duara kizito, kama masufuria mawili yaliyounganishwa mdomo kwa mdomo, ndani kimejaa oili. Upande mmoja kimefungwa kwa bolti kwenye sahani nyembamba ya flaiwili iliyoko kwenye krenki ya injini. Upande wa pili kimeingia ndani ya gia boksi na ndicho kinachozungusha pampu ya oili. Kwa hiyo konveta imeshikwa pande zote mbili. Usipoifungua upande wa injini, gia boksi haitoki bila kuumiza kitu: sili, pampu, au sahani yenyewe.

Sasa tuje kwenye vitendo. Haya ndiyo nataka mwenye gari ayasimamie.

Kabla ya kushusha

Pima oili kwanza. Kwenye Toyota nyingi zenye kijiti, gari liwe kwenye tambarare, injini imepata moto na inaunguruma, gia ipo P. Oili ikipungua gari huteleza na kuchelewa kushika, na pengine tatizo ni mpira tu unaovuja kwenye njia ya kupoozea oili. Oili ikiwa nyeusi na inanuka kuungua, hapo fundi ana hoja ya kufungua. Gari lisilo na kijiti lipimwe na fundi anayejua aina hiyo.

Pia usivute gari la otomatiki kwa kamba kutoka Malolo mpaka Mikumi huku matairi yanayoendesha yakizunguka chini. Injini ikiwa imezimwa pampu haifanyi kazi, gia boksi inazunguka bila kulainishwa. Libebe, au inua matairi hayo.

Wakati wa kushusha

1. Waya wa hasi wa betri utolewe kwanza, kwa sababu stata itafunguliwa na umeme wake ni mkali.
2. Oili imwagwe kwenye chombo safi na ipimwe, ujue ni lita ngapi zimetoka. Isimwagwe chini. Mfereji wetu uko karibu, na maji hayo ndiyo tunayomwagilia.
3. Gari lisimame kwenye stendi imara, si jeki peke yake wala matofali. Injini nayo ishikiliwe, maana gia boksi ikitoka injini hupoteza egemeo.
4. Muulize fundi: "Bolti za konveta umeshafungua?" Zinafikiwa kupitia kidirisha kidogo chini ya gia boksi au pale stata inapokaa. Inafunguliwa moja, kisha injini inazungushwa kwa spana kwenye bolti ya pulii ya mbele, inakuja nyingine. Kwenye Toyota nyingi ziko sita. Zihesabu.
5. Bolti zikiisha, konveta isukumwe nyuma iachane na sahani. Ndipo gia boksi ivutwe, nayo konveta ishuke pamoja nayo, imefungwa waya isichomoke njiani. Ikigoma, jibu si mtaimbo. Kuna bolti au waya umesahaulika.

Wakati wa kurudisha

Hapa ndipo pampu nyingi hufa. Konveta iingizwe kwenye gia boksi huku ikizungushwa kwa mkono mpaka izame kabisa. Huzama kwa hatua, na fundi mwenye haraka hudhani hatua ya kwanza ndiyo ya mwisho. Kisha gia boksi iguse injini pande zote kwa mkono tu, bila kukaza bolti hata moja. Ikibaki na mwanya, irudi chini ianze upya. Ikishakaa, konveta lazima izunguke kirahisi na iwe na nafasi ndogo kabla ya kufikia sahani. Bolti ni za kushikilia, si za kuvutia.

Halafu oili sahihi. Gari lenye CVT halitumii oili ile ile ya otomatiki ya kawaida. Ukibahatisha, kazi yote imepotea.

Najua litakalosemwa: "Fundi ndiye anayejua, ukimsimamia ataona unamdharau." Sikubaliani. Mimi nikija shambani kwako na kukwambia piga dawa hii, una haki ya kuniuliza ni ya nini na kipimo gani, na ukiniuliza hujanidharau. Fundi mzuri hufurahi kuulizwa. Anayekasirika ukimwuliza bolti za konveta, huyo mshukuru, chukua funguo zako, tafuta mwingine. Na vijana wetu wenye mkono wa ufundi, chuo cha VETA kipo hapo Mikumi. Ufundi wa otomatiki si wa kubahatisha chini ya mwembe.

Wengine watasema dawa ni kuachana na otomatiki, nunua manyuo. Kwa gari la mzigo hilo ni wazo zuri, nami ningekushauri hivyo kabla hujanunua. Lakini aliyenunua tayari atunze alichonacho. Usijaze lumbesa mpaka gari linakaa chini kisha ukapanda nalo Kitonga ukiwa D mwanzo mwisho. Joto ndilo linaloua oili, na oili ikifa gia boksi inafuata.

Ndugu mkulima, hukupanda kitunguu bila kujua kina chake cha kupandikiza. Basi usikabidhi gari uliloliuzia mazao ya misimu mitatu bila kujua swali moja la kuuliza. Swali ni hilo: bolti za konveta zimefunguliwa? Liulize kabla gia boksi haijashuka, maana baada ya hapo utakuwa unauliza bei ya gia boksi nyingine.