Mchezo unaokungoja

Kwenye mkutano wa juma lililopita mmoja wetu aliuliza kama michezo ya vita katika telefone inaharibu watoto. Sisi tunaishi mahali ambapo vita si mchezo, kwa hiyo hakuna aliyecheka. Nitajibu kwa njia ya mchezo wa zamani, ambao niliupenda sana nilipokuwa msichana na ambao bado naukumbuka.

Binamu yetu alirudi kutoka Ubelgiji na Game Boy Advance, kimashine cha Nintendo kilichotumia mawe mawili madogo kama ya tochi. Ndani yake mlikuwa na Fire Emblem, ule uliofika Ulaya mwaka 2004, nao uliongea Kifaransa. Ni mchezo wa zamu kwa zamu, kama kisolo. Unasogeza askari wako wote, unamaliza, ndipo adui naye anasogeza wake. Hakuna saa inayokukimbiza. Mama akikuita ukachote maji, unakwenda, unarudi, unawakuta wote palepale. Mawe yakiisha katikati ya vita, unaweka mengine na kuendelea pale ulipofikia. Upanga unashinda shoka, shoka linashinda mkuki, mkuki unashinda upanga, basi kabla ya kusogeza mtu unatazama kwanza adui ameshika nini. Ninao watoto katika kalasi yangu wanaoinua mkono kabla swali halijaisha. Hao ningewapa mchezo huo wote.

Tena kila askari mle ana jina, sura na habari zake. Unaanza na Lyn, msichana wa mbugani ambaye wazazi wake na watu wake wameuawa na majambazi. (Dada yangu mdogo aliamini kabisa kwamba hadithi hiyo iliandikwa huku kwetu.) Na askari akiuawa, amekwenda. Vita inayofuata hayupo, wenzake wanaendelea bila yeye. Basi sisi watoto tulikuwa tunazima mashine na kuanza vita tena toka mwanzo, kazi ya saa nzima imepotea, ili asife mtu mmoja tu, hata yule dhaifu asiyetusaidia kitu. Hakuna mkubwa aliyetufundisha kufanya hivyo.

Wafanyakazi walewale, kundi la Intelligent Systems la Japani, walitengeneza pia Advance Wars. Ni mtamu, una rangi nzuri, lakini askari wake hawana majina. Unawanunua kwa pesa, wanakufa, unanunua wengine. Ulitoka Marekani tarehe 10 Septemba 2001, kesho yake New York ikashambuliwa. Na ulipotengenezwa upya, Nintendo waliuchelewesha mwaka 2022 Urusi ilipoivamia Ukraine, ukatoka Aprili 2023. Nawaelewa. Ila sijasikia mchezo uliocheleweshwa kwa sababu ya vita vya kwetu.

Katika Fire Emblem Awakening ya mwaka 2012, mchezaji akipenda anaweza kuchagua waliokufa warudi vita ikiisha. Watu wana kazi, hawana saa za kurudia. Lakini kama mtoto wangu atacheza vita, mimi nachagua ile ambayo aliyekufa harudi.

Michezo mingi ya telefone ya leo iko kinyume. Mtoto anaambiwa angoje saa sita nyumba yake ijengwe, ama alipe pesa iishe sasa hivi. Hapo mchezo ndio unaomwita mtoto, usiku na mchana, hata akiwa mezani. Mama, kaa karibu naye dakika kumi tu, bila kugomba. Umwambie aweke telefone chini akuletee chumvi, kisha uangalie kama amepoteza kitu.

Aliye na ordinatere ya zamani nyumbani, kuna The Battle for Wesnoth, mchezo wa zamu kwa zamu wa tangu mwaka 2003. Ni wa bure, una Kifaransa, na ukisha kuingizwa hauhitaji intaneti kwa kucheza peke yako. Askari wake wana majina, na wakifa hawarudi. Ninao kwenye flashi, na kuunakili kunaruhusiwa, basi anayeutaka aje na flashi yake Jumamosi, kabla ya mkutano kuanza.