Jicho, Jito na Hoja ya "Kiswahili Kibovu"

Kumekuwa na mazoea, miongoni mwa baadhi ya wahakiki na walimu, ya kukitaja Kiswahili kinachozungumzwa Isiolo kuwa kibovu. Ushahidi unaotolewa huwa ni sentensi kama "jicho yangu inauma". Kwao, msemaji huyo ameiharibu lugha iliyokuwa safi. Madai haya hayastahimili uchunguzi wa neno lenyewe.

Shina lake katika Kibantu cha awali hukadiriwa kuwa *-jíco. Kimeru, jirani wa Isiolo, kina riitho kwa umoja na metho kwa wingi: ma- na i- zimeungana kuwa me-, kama zilivyoungana katika meno na mengi ya Kiswahili. Kwa kanuni hiyo, wingi wa jicho ungekuwa *mecho. Haukuwa. Yaelekea wasemaji walilichukulia jicho kuwa ji-cho, wakaiona ji- yote kuwa kiambishi cha umoja, wakaweka ma- mahali pake. Ukiukaji huo wa kale ndio usanifu wa leo.

Aidha, usafi unaodaiwa ni wa lahaja ipi? Kimvita husema jito, na Kimvita na Kiamu husema mato kwa wingi, kama wasemavyo kuteka kwa maana ya kucheka, na ushairi mkongwe wa pwani umetungwa kwa lahaja hizo. Mkutano wa Mombasa wa 1928 ulipokiteua Kiunguja kuwa msingi wa usanifishaji, haukuthibitisha kwamba mato ni kosa. Ulifanya uteuzi tu.

Katika mji wa Isiolo, Mborana ana ila, Msomali ana il na indho, Mturkana ana akongu na ngakonyen. Hakuna hata mmoja kati yao ambaye lugha yake ya kwanza ina ngeli za Kibantu. Hata hivyo, wanapokutana sokoni, jicho na macho hubaki vilevile. Kilichobadilika ni upatanisho. Nao haukubadilika ovyo: yangu na inauma zote zimefuata ngeli moja, ile ya nyumba na nguo. Hiyo ni kanuni, si vurugu.

Haimaanishi kwamba mwanafunzi asifundishwe "jicho langu linauma". Hana budi kufundishwa, kwani mtihani hutungwa kwa Kiswahili sanifu. Lakini kumfundisha ni jambo moja, kumdunisha ni jingine. Na mhakiki anayeisifu mato katika utenzi kuwa ladha ya lahaja, kisha akaikemea "jicho yangu" katika kinywa cha mhusika wa riwaya, hapimi lugha. Anapima hadhi ya wasemaji wake.