Mzigo Upewe Magurudumu Yake

MIZANI YA WIKI
Na Zakaria Thembo

Juni 2021, Rais Museveni na Rais Tshisekedi walikutana kwenye mpaka wa Mpondwe na Kasindi kuzindua ujenzi wa barabara za mashariki mwa Kongo, jumla ya kilomita 223, zikiwamo 80 za kutoka Kasindi hadi Beni. Miaka 65 kabla ya hapo, mwaka 1956, reli kutoka Kampala ilifika Kasese kufuata shaba ya Kilembe. Ndivyo usafiri unavyofikiriwa katika wilaya yetu ya Kasese tangu zamani: ni jambo la masafa marefu, la mikataba na marais na makandarasi. Lakini gunia la mahindi la Munkunyu haliondoki shambani na kuingia moja kwa moja katika lori la Beni. Kwanza hutoka shambani hadi nyumbani, kisha nyumbani hadi senta ya Kinyamaseke, na katika kilomita hizo mbili tatu hubebwa kichwani, au ndani ya kapu la mgongoni lililoshikwa kwa mkanda wa kipajini, au kwenye kiti cha bodaboda nyuma ya dereva. Hakuna mkataba unaozitaja kilomita hizo. Hoja yangu wiki hii ni kwamba dawa ya ubebaji huo si barabara nyingine tu. Kaya za tambarare ya Munkunyu zinahitaji trela ndogo ya kukunja, ya kuunganishwa kwa bolti na kuvutwa kwa mkono, baiskeli au pikipiki, na trela hiyo itengenezwe hapa hapa.

Tuanze na ushahidi, na ushahidi mzuri unatoka Makete, kusini mwa Tanzania. Katikati ya miaka ya 1980 Shirika la Kazi Duniani lilisaidia mradi wa usafiri vijijini huko, na watu wake wakafanya jambo ambalo wapangaji wengi hawalifanyi: waliwauliza wanavijiji wanakwenda wapi, na wamebeba nini. Jibu liliwashangaza waliodhani usafiri ni magari. Safari nyingi zilikuwa za ndani ya kijiji na viunga vyake: kisimani, kwenye kuni, shambani, kwenye mashine ya kusaga. Waliobeba sehemu kubwa ya mizigo hiyo walikuwa wanawake. Barabara kuu hata ingewekwa lami yote, isingempunguzia mwanamke wa Makete jerikani hata moja. Munkunyu si Makete, lakini kisima, kuni, shamba na mashine viko hapa pia, na njia ziendazo huko hazina namba katika ramani ya wizara. Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Katika mipango ya usafiri methali hiyo imegeuka sera: kwa kuwa anayebeba halipwi, uzito wake hauhesabiwi.

Hebu tuuhesabu. Jerikani ya lita 20 ikijaa ina kilo 20 na ushei. Kaya inayotumia jerikani tano kwa siku huhamisha kilo 100, na kama kila safari ni jerikani moja kichwani, hizo ni safari tano za kwenda na tano za kurudi. Kisima kikiwa umbali wa kilomita moja, mtu ametembea kilomita kumi, nusu yake akiwa na mzigo, na bado hajagusa jembe. Kilo hizo hizo 100 zikiwekwa juu ya magurudumu mawili, katika njia iliyo sawa, ni safari moja ya mtu mmoja anayesukuma. Pamba nayo ina taabu ya aina yake. Ni nyepesi lakini hujaa nafasi: mtu huishiwa na mahali pa kushika kabla hajaishiwa na nguvu. Mkulima wa pamba anahitaji kitanda kipana chenye kingo ndefu, na kitanda cha namna hiyo hakipatikani kichwani wala kwenye kiti cha pikipiki.

Wapo watakaosema bodaboda imeshalimaliza tatizo hili. Imelipunguza, nami sipuuzi hilo. Usafiri uliozaliwa na baiskeli za mpaka wa Busia katika miaka ya 1960 umeifikia Afrika Mashariki nzima bila wizara yoyote kuupanga. Lakini pikipiki iliundwa kubeba watu. Gunia la kilo 100 likipakiwa nyuma ya kiti, uzito unakaa juu na nyuma ya ekseli ya nyuma, gurudumu la mbele linakuwa jepesi, usukani unapoteza mshiko, na breki ya mbele, ambayo ndiyo yenye nguvu, inabaki bila kazi. Dereva akikutana na shimo hana tena chombo cha kuongoza. Ukiushusha mzigo huo huo ukauweka kwenye trela iliyo chini, yenye ekseli yake, pikipiki hubaki kuwa pikipiki. Kazi ya kuvuta na kazi ya kubeba ni kazi mbili, na hatari huanza pale zinapotwikwa chombo kimoja.

Sasa kuhusu chombo chenyewe. Marekani trela za namna hii huuzwa madukani zikiwa vipande ndani ya maboksi. Kipimo kilichozoeleka ni futi 4 kwa 8, kwa sababu ndicho kipimo cha ubao mzima wa plaiwudi utakaokuwa sakafu. Mnunuzi huunganisha fremu kwa spana nyumbani kwake, na akimaliza kazi huikunja trela katikati na kuisimamisha ukutani. Wazo hilo ni zuri, lakini kuagiza boksi lenyewe hadi Kasese kungekuwa kosa. Magurudumu yake ni madogo, ya inchi 12 kwa kawaida, yaliyokusudiwa lami. Gurudumu dogo huzama katika shimo ambalo kubwa hulipita. Bolti zake zikipotea, dukani Kinyamaseke hupati za kipimo hicho. Na bawaba yake iko katikati ya kitanda, karibu na ekseli, mahali ambapo fremu iliyopakiwa hupinda kwa nguvu kuliko pengine popote. Kwenye lami hilo linavumilika. Kwenye njia yenye mawe na mifereji, bawaba hiyo ndiyo itakayolegea kwanza.

Kwa hiyo tuchukue wazo, tuache boksi. Trela ya Munkunyu ikunjwe mkono wa kuvutia na kingo zake, lakini sakafu ibaki nzima, ndogo, kiasi cha futi 4 kwa 4. Magurudumu yawe ya pikipiki ya Boxer, yenye rimu za inchi 17, ambayo mirija na matairi yake yako katika kila kibanda cha spea kutoka Kasese hadi Bwera. Hapa fundi awe mwangalifu: gurudumu la pikipiki limeundwa kushikwa pande zote mbili, na likifungwa upande mmoja ekseli yake itapinda mapema. Fremu iwe na vyuma viwili kwa kila gurudumu, ndani na nje, na gurudumu litoke kwa kulegeza nati moja. Usiku magurudumu huingia ndani ya nyumba na fremu husimama ukutani. Nyumba ndogo haibanwi, na mwizi anayeijia fremu isiyo na magurudumu itambidi aibebe kichwani.

Kuunganisha si kazi ya uchawi, lakini kuna utaratibu. Vipande vipangwe juu ya ardhi iliyo sawa, bolti zote zitiwe na kufungwa kwa vidole tu. Kisha zipimwe kamba mbili, kutoka pembe hadi pembe ya upande wa pili. Zikilingana, fremu ni mraba, na hapo ndipo spana ianze kazi. Anayekaza bolti moja moja kadiri anavyoitia atapata fremu iliyopinda na magurudumu yanayovutana. Nati ziwe za kujifunga, zenye pete ya plastiki ndani, na baada ya mzigo wa kwanza zikaguliwe upya, maana chuma kipya hukaa sawa baada ya kutikiswa. Kwenye upakiaji, uzito uelekee mbele kidogo ya ekseli: ukikaa nyuma, trela huyumba na kuinua mkono wa kuvutia. Minyororo miwili ya usalama ipite chini ya ndoana, na nyuma kuwe na viakisi vyekundu. Mambo haya yote yanaweza kuandikwa kwenye karatasi moja, kwa Lhukonzo na kwa Kiswahili, pamoja na michoro.

Pingamizi la kwanza ni milima, nalo ni la kweli. Katika mteremko unaopanda mita moja kwa kila mita kumi, trela na mzigo vyenye jumla ya kilo 150 huvuta nyuma kwa nguvu ya karibu kilo 15, na wakati wa kushuka husukuma mbele kwa nguvu hiyo hiyo. Kwa baiskeli hilo ni zito, na kwa kushuka bila breki ni hatari. Sidai kwamba kahawa ya miinuko ya Kyarumba itashushwa kwa trela. Ninachodai ni kwamba ardhi ya tambarare, kuanzia Munkunyu kwenda upande wa Nyakatonzi, isinyimwe chombo kwa sababu mlima hauwezi kukitumia. Goma walikuwa na mteremko, wakabuni chukudu ya mbao inayoshuka na mamia ya kilo, na mji ukaisimamishia sanamu. Chukudu imedumu kwa sababu inatengenezwa na kukarabatiwa pale pale inapotumika, na kwa sababu inafaa ardhi ile. Vigezo hivyo viwili ndivyo tunavyopaswa kuiga, na ardhi yetu ya chini inataka umbo jingine.

Pingamizi la pili ni kwamba tukutuku za mizigo, zile za magurudumu matatu, zipo. Zipo, na mfanyabiashara wa Mpondwe anazihitaji. Lakini tukutuku ni injini nzima inayonunuliwa na kulishwa mafuta kila siku, na haifai kuchota maji wala kwenda kwenye mashine ya kusaga. Pingamizi la tatu ni sheria. Sheria ya usalama barabarani ya 1998, iliyorekebishwa 2020, inaitaja trela sambamba na magari katika masuala ya usajili, na polisi wana haki ya kuuliza. Barabara ya Kasese hadi Mpondwe ina malori yaendayo kasi, na trela isiyo na taa haina kazi juu ya lami hiyo usiku. Jibu langu ni kuanza na kinachovutwa kwa mkono na kwa baiskeli katika njia za vijiji, huku wilaya na polisi wakikubaliana wazi juu ya masharti ya zile za pikipiki. Kukaa kimya hakuongezi usalama, maana kimya hicho ndicho kinachoruhusu gunia likae mgongoni mwa dereva leo.

Pingamizi la nne ndilo linalonisumbua zaidi: kwamba mwanamke ataendelea kubeba, na trela itakuwa ya mume. Baiskeli ilifanya hivyo hivyo. Ilinunuliwa kwa jina la familia, ikaishia kumpeleka mwanamume senta huku jerikani zikibaki kichwani. Chuma hakibadilishi desturi chenyewe. Ndiyo maana napendekeza mmiliki wa kwanza awe kikundi cha kuweka na kukopa, ambacho wanachama wake wengi vijijini ni wanawake. Chombo kinachokunjwa hupokezanwa kwa urahisi kati ya kaya, kikundi kina daftari la zamu, na ada ndogo ya kila zamu hununua grisi na mirija. Baba atakayeitaka trela atajiandikisha kama wengine.

Fedha je? Mpango wa maendeleo wa parishi, PDM, uliozinduliwa 2022, hutenga shilingi milioni 100 kwa kila parishi kwa mwaka, na nguzo ya kwanza kati ya saba zake ni uzalishaji, uhifadhi, usindikaji na masoko. Nyingi ya fedha hizo huingia kwenye mbuzi, kuku na mbegu, yaani kwenye uzalishaji. Lakini zao lisilofika sokoni likiwa zima si mapato, na mkulima asiye na namna ya kulifikisha humuuzia yule mwenye pikipiki anayekuja hadi shambani na bei yake mdomoni. Kamati za parishi zina hoja ya kutosha ya kuomba kwamba chombo cha kubebea mazao kihesabiwe kuwa sehemu ya biashara ya kilimo, sawa na mbegu.

Hatua zinazohitajika si nyingi. Chama cha wakulima kama Nyakatonzi, ambacho kinanufaika pamba inapofika mapema na ikiwa safi, kinaweza kuagiza trela chache za mfano kutoka kwa mafundi wa kuchomea vyuma wa Kinyamaseke na Bwera, kwa kipimo kimoja, ili bolti ya trela moja iingie katika nyingine. Shule za sekondari, ambazo tangu mtaala mpya wa 2020 zinatakiwa kuwapa wanafunzi miradi ya vitendo, zinaweza kuchora karatasi ya maelekezo na kuipima kwa kuwakabidhi wasomaji wasiowahi kushika spana. Baraza la wilaya linaweza kuweka kifungu kidogo katika bajeti ya barabara kwa ajili ya madaraja ya miguu na njia pana za kutosha magurudumu mawili. Msimu mmoja wa pamba utatosha kuonyesha kama nimekosea. Nikiwa nimekosea, hasara ni vyuma vichache vitakavyouzwa tena. Wazo hili likiwa sahihi na tukaliacha, gharama itaendelea kulipwa na shingo zile zile.